Wauza Magari na Barabara ya Tororo: Kumbukumbu ya Safari Rally

Safari Rally ilianza tarehe 27 Mei 1953, siku chache kabla ya Elizabeth wa Pili kuvishwa taji mjini London, na kwa heshima ya tukio hilo ikaitwa Coronation Safari. Magari yaliondoka katika miji mitatu ya nchi tatu: Nairobi, Kampala na Morogoro. Yalipomaliza tarehe 1 Juni yalikuwa yamepita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa barabara ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa za udongo na changarawe. Anayetoka Kampala kwenda Kenya ana malango mawili makubwa, wakati ule kama sasa: Tororo na Malaba kwa anayefuata reli kuelekea Eldoret na Nakuru, au Busia kwa anayeshuka Kisumu. Asiyetaka hayo azunguke Mlima Elgon. Kwa hiyo historia ya mbio hizi ni historia ya mpaka huu pia, ingawa vitabu vingi vinaisimulia kama jambo la Nairobi peke yake.

Wazo lenyewe lilizaliwa kutokana na kuchoka kuzunguka. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wapenda magari wa Kenya walishindana kwenye uwanja wa Langa Langa karibu na Nakuru. Hapo ndipo magari ya spoti ya Kiingereza yalipopata nafasi ya kuonyesha mbio: yamekaa chini, mepesi, yenye sauti kali, na yenye bei ambayo watu wachache waliimudu. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil, aliyesimamia mashindano katika Chama cha Kifalme cha Wenye Magari cha Afrika Mashariki, alimwalika binamu yake Neil Vincent aje kushindana. Vincent akakataa. Hakuona maana ya kuzunguka uwanja ule ule saa nzima, ila kama kungekuwa na shindano la kutoka mlangoni kwake, kuvuka nchi na kurudi, angekuja. Cecil alilichukua neno hilo kwa uzito. Kwanza ilifikiriwa njia ya kulizunguka Ziwa Viktoria lote, kisha ikaonekana barabara hazitafaa, na njia ya nchi tatu ikapatikana.

Chama hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1919, na hadi leo kinaendelea nchini Kenya kwa jina la AA. Kilikuwa na ofisi, wanachama na sauti serikalini. Kilichokosekana ni magari ya kutosha, mafundi na vipuri njiani, na hivyo vilikuwa mikononi mwa wauza magari. Mbio ziliandaliwa na chama, lakini ziliishi kwa sababu ya maduka ya magari na gereji.

Uhusiano huo ulionekana wazi katika kanuni za kwanza. Kwingineko duniani magari hupangwa katika madaraja kwa ukubwa wa injini. Coronation Safari iliyapanga kwa bei ya dukani Afrika Mashariki. Gari la bei nafuu lilishindana na la bei nafuu, la bei ghali na la bei ghali, na lilitakiwa liwe kama lile ambalo mteja yeyote angelinunua. Ni kanuni yenye busara kubwa kuliko inavyoonekana kwa haraka. Mkulima wa Kitale, mfanyabiashara wa pamba wa Mbale au daktari wa Kisumu hakujali injini ina ujazo gani. Alitaka kujua kwamba kwa fedha alizonazo, gari gani litamfikisha nyumbani mwezi wa Aprili. Matokeo ya mbio yalimjibu swali hilo kwa uaminifu kuliko tangazo lolote la gazetini.

Jibu la kwanza lilikuwa la kushangaza. Mwaka 1953 hapakutangazwa mshindi wa jumla, ila aliyepoteza pointi chache kuliko wote alikuwa Alan Dix, pamoja na Johnny Larsen, wakiendesha Volkswagen. Katika makoloni yaliyozoea Austin, Morris na Standard, gari dogo la Kijerumani lenye injini nyuma lilikuwa jambo geni. Injini ile haikuwa na rejeta ya kuchemka wala ya kutobolewa na mawe, na uzito wake wote ulikalia magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo liliuma tope pale ambapo magari mengine yalizungusha matairi bure. Mwaka uliofuata Vic Preston, mwenye gereji Nairobi, alishinda kwa Volkswagen akiwa na D. P. Marwaha. Mwaka 1955 wawili hao wakashinda tena, safari hii kwa Ford Zephyr ya Kiingereza. Mwaka 1956 Eric Cecil mwenyewe, mwanzilishi, alishinda kwa DKW akiwa na Tony Vickers. Volkswagen ikarudi kileleni 1957 na 1962. Kampuni ya Cooper Motor Corporation, iliyoiuza Volkswagen katika eneo hili, haikuhitaji kuwaeleza wateja mengi.

Magari ya Kiingereza yalistahili heshima yake, lakini orodha ya washindi haikuyapendelea. Ukiondoa Ford, hakuna gari la Uingereza lililowahi kushinda Safari kwa jumla. Jaguar, MG, Triumph na Austin-Healey, magari yaliyotia fora kwenye viwanja vya lami na kupamba madirisha ya maduka, hayakuacha jina hapo. Sababu haikuwa ufundi duni. Gari la spoti hukaa karibu na ardhi ili lisipinduke kwenye kona, na barabara ya mvua za masika ina tuta la udongo katikati, kati ya mifereji miwili iliyochimbwa na malori. Kinachosaidia kwenye kona ya lami ndicho kinachovunja kitako cha injini kwenye tuta hilo. Dereva aliyekuwa na MG nyumbani kwa ajili ya Langa Langa alijua hivyo, na Pasaka ilipofika aliazima au kununua gari la namna nyingine.

Pasaka ndiyo iliyoipa Safari tabia yake. Baada ya mwaka wa taji kupita, mbio zilihamishiwa mwisho huo wa wiki, wakati masika yanapoanza. Likizo ndefu ilikuwa sababu moja, lakini mvua iliwafaa waandaaji. Barabara iliyo kavu humpa ushindi mwenye mbio. Iliyolowa humpa mwenye subira, mwenye fundi mzuri na mwenye bahati. Adhabu zilihesabiwa kwa dakika za kuchelewa kwenye vituo vya ukaguzi, na njia ilibaki wazi kwa watu wote. Malori, mabasi, baiskeli na ng'ombe vilitumia barabara ile ile na saa ile ile na washindani. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalimaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff katika Peugeot 404, na kwa mara zote mbili wale saba walibaki na sifa ya watu wasiozama.

Ukanda wa Busia na Tororo ulikuwa na kila kitu ambacho mbio za namna hii zinahitaji. Tororo ni mji wa njia panda. Reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret iliingia Uganda hapo, na tawi la kwenda Mbale na Soroti likachipuka hapo hapo. Barabara kuu ya Jinja na Kampala inakutana na ile ya Mbale chini ya mwamba wenye kimo cha mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, unaoonekana kwa mbali hata na aliyeko upande wa Kenya. Kwa mwelekezi aliyekesha na ramani mapajani, mwamba ule ulikuwa alama isiyohitaji maelezo. Kusini yake, Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili: jina moja, soko moja kwa mazoea, ukoo mmoja wa Wasamia au Wateso ukiwa na mashamba huku na wajomba kule. Ardhi kati ya miji hiyo ni ya mito midogo, mabonde ya majani na udongo unaogeuka utelezi kwa mvua ya saa moja.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa mpaka wenyewe, kwa jinsi ulivyokuwa mwepesi. Kenya na Uganda zilikuwa na umoja wa forodha tangu 1917, na Tanganyika ikaungana nao katika miaka ya 1920. Shilingi ilikuwa moja hadi 1966. Gari lenye namba ya K liliingia Uganda, na lenye U likaingia Kenya, bila kulipiwa ushuru upya, na wote waliendesha kushoto. Mashindano ya kuvuka nchi tatu kwa siku nne au tano, yenye adhabu ya kila dakika, hayawezekani penye foleni ya forodha. Watu huisifu Safari kwa tope na vumbi lake. Ni haki kuisifu kwanza kwa mhuri ambao hakuna aliyesimama kuusubiri.

Tarehe 6 Juni 1967 marais wa nchi tatu walitia sahihi mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakati huo mbio zilikuwa zimekwisha kuitwa East African Safari Rally, jina lililoanza kutumika 1960, na washindi wake walitoka kote katika eneo. Bert Shankland, fundi aliyezaliwa Uskoti na aliyefanya kazi na wakala wa Peugeot mjini Dar es Salaam, Tanganyika Motors, alishinda 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell. Peugeot 404 yake haikuwa tofauti sana na zile zilizobeba abiria na magunia kati ya Kisumu, Busia na Kampala. Si ajabu kwamba Peugeot za stesheni wageni zilikuja kutawala safari za mbali kwa miaka mingi. Abiria aliyebanwa kiti cha nyuma pamoja na wenzake watatu alijua jina la gari lililoshinda Pasaka.

Kati ya wote hao hakuna aliyependwa kama Joginder Singh. Alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, mtoto wa familia ya Kalasinga iliyoishi kwa kazi ya gereji, na mikono yake ilijua spana kabla ya kujua usukani wa mashindano. Alianza Safari mwaka 1959. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo wengine waliliona limezeeka. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer akiwa na David Doig. Katika Safari 22 alizoanza alimaliza 19, na rekodi hiyo inaeleza ustadi wake kuliko vikombe. Dereva wa kiwanda huendesha gari kwa sababu wapo watu wa kulitengeneza likiharibika. Joginder aliliendesha kama mtu atakayelitengeneza mwenyewe. Watu walimwita Simba, na jina hilo lilitoka barabarani, kwa wale waliosimama kwenye matope kumngoja apite.

Hao waliosimama nao wana sehemu yao katika historia hii. Gari lililokwama halikutolewa na kanuni. Lilitolewa na watu wa kijiji cha karibu, kwa kamba, kwa matawi ya miti yaliyotandikwa chini ya matairi, na kwa mabega. Malipo yalikuwa shilingi chache au hakuna. Katika picha za zamani za Safari, nyuma ya karibu kila gari lililozama kuna mstari wa vijana waliojaa tope hadi kiunoni. Majina yao hayakuandikwa popote, na hilo ni pengo ambalo hakuna kumbukumbu ya leo inayoweza kuliziba.

Ford iliendelea kubeba heshima ya viwanda vya Uingereza. Peter Hughes na Bill Young walishinda 1964 kwa Cortina GT. Mwaka 1972 mbio zilianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Gunnar Palm, akawa dereva wa kwanza kutoka Ulaya kushinda Safari, kwa Escort RS1600. Kabla yake iliaminika kwamba mgeni hawezi kuishinda ardhi hii bila kuishi humu. Wakati huo huo magari ya Kijapani yalikuwa yamefika. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda 1970 kwa Datsun 1600 SSS na 1971 kwa Datsun 240Z. Hii ya pili ilikuwa gari la spoti kamili, la milango miwili na boneti ndefu. Hatimaye gari la namna hiyo lilishinda Safari, na lilitoka Japani. D. T. Dobie, wakala wa Datsun nchini Kenya, alipata kwa matokeo hayo biashara ambayo wauzaji wa magari ya Kiingereza waliiona ikiondoka mikononi mwao mwaka hadi mwaka.

Kwa wasomaji wa upande wa Uganda, jina linalobeba furaha na uchungu wa miaka hiyo ni la Shekhar Mehta. Alizaliwa Kampala mwaka 1945 katika familia ya Kihindi yenye mashamba, na akaanza mbio akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Njia moja ya kutokea ilikuwa hii ya mashariki, kwa gari au kwa treni, kupitia Tororo. Mehta alihamia Kenya. Pasaka ya 1973, miezi michache tu baada ya tarehe ya mwisho ya Amin kupita, alishinda Safari kwa Datsun 240Z akiwa na Lofty Drews. Ulikuwa ndio mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rally. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa kuwa ndiye aliyefika mbali zaidi bila kuadhibiwa. Baadaye, akiwa na Mike Doughty, alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi wake mara tano haujafikiwa na mtu yeyote katika Safari za ubingwa wa dunia. Ajali katika mashindano ya Misri ya 1987 ilimaliza udereva wake, akageukia uongozi katika shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, na akafariki London mwaka 2006. Uganda ilimpoteza dereva bora iliyewahi kumzaa, na ilimpoteza kwa hiari ya serikali yake.

Pamoja naye ilipotea njia. Mwaka 1974 maneno Afrika Mashariki yaliondolewa kwenye jina, na tangu katikati ya muongo huo Safari ikawa mbio za Kenya. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda, akirejea ukweli kwamba eneo hilo lilihesabiwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda hadi lilipohamishwa mwaka 1902. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mbio zilizohitaji barabara isiyo na kizuizi hazikuwa tena na barabara hiyo. Zilizidi kupata umaarufu duniani, zikaletewa helikopta na timu za viwanda, zikawatoa mabingwa kama Björn Waldegård na Juha Kankkunen, ila Tororo na Busia zilizisikia redioni tu.

Mpaka wenyewe uliendelea kufanya kazi, kwa magurudumu mengine. Tangu miaka ya 1960 vijana wa Busia walikuwa wamebuni usafiri wa baiskeli wa kuwavusha wasafiri kati ya kituo cha upande mmoja na cha upande wa pili, wakiwaita wateja kwa neno la mpaka: boda, boda. Baiskeli zikawa pikipiki, na jina likaenea Afrika Mashariki yote. Uuzaji wa magari nao ulihamia barabarani. Magari yaliyotumika Japani hushushwa Mombasa, na yanayokwenda Uganda huendeshwa na madereva wa kukodiwa hadi Malaba au Busia, mengine yakiwa bado na karatasi za mnada kwenye kioo. Kenya haikubali gari lenye zaidi ya miaka minane. Sheria ya Uganda ya 2018 ilizuia kuingiza lenye zaidi ya kumi na mitano. Kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja kwa nchi zote mbili, kilizinduliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018. Kimekaribia kurudisha wepesi ambao madereva wa 1953 waliuchukulia kuwa jambo la kawaida.

Uganda haikukaa bila mbio. Pearl of Africa Rally iliingia katika ubingwa wa Afrika, Charles Muhangi akawa bingwa wa bara zima mwaka 1999, na mwaka 2011 Susan Muwonge akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa. Upande wa Kenya, Ian Duncan alishinda Safari ya 1994 kwa Toyota Celica, na tangu hapo hakuna Mkenya aliyeshinda tena Safari ya ubingwa wa dunia. Mwaka 2002 Safari ilitolewa katika ubingwa wa dunia.

Magari ya zamani yalirudi barabarani mwaka uliofuata. Kuadhimisha miaka 50 ya Coronation Safari, mwaka 2003 ilianzishwa East African Safari Classic, kwa ajili ya magari ya enzi ile tu. Rob Collinge alishinda mwaka huo na 2005 kwa Datsun ya ukoo wa Z. Waldegård akashinda 2007 kwa Escort na 2011 kwa Porsche 911, akiwa mzee. Magari ambayo zamani yalikuwa bidhaa ya dukani, yenye bei iliyoamua daraja lake, sasa hutafutwa ghalani na kwenye mashamba, yanatengenezwa upya bati kwa bati, na bei yake haina uhusiano wowote na ile ya kwanza. Mafundi wanaojua kurekebisha kabureta kwa kusikiliza injini tu wamepata kazi tena.

Safari yenyewe ilirejea katika ubingwa wa dunia mwezi Juni 2021, Sébastien Ogier akashinda, na mwaka 2024 ikarudishwa Pasaka, kwenye mvua zake. Makao yake sasa ni Naivasha, kwenye vumbi la Bonde la Ufa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Malaba.